Bartimayo wa Siku Zetu



Injili ya Marko, sura ya 10, yatusimulia habari za Bartimayo, kipofu aliyeketi kando ya njia ya Yeriko akiomba. Alipopaza sauti, umati ulimkemea anyamaze. Yesu alisimama, akaagiza aitwe, kisha akamwuliza anataka afanyiwe nini.

Kando ya njia zetu wapo vijana tuwaitao mateja, na watu wazima waliozama katika gongo. Nasi, kama ule umati, huwakemea: "Amejitakia!" Lakini uraibu ni ugonjwa. Heroini hubadili ubongo, hata aliyeizoea asipoipata hushikwa na arosto: maumivu, kuhara, kutetemeka, kukosa usingizi. Hapo hatafuti tena raha, atafuta nafuu.

Tena, mara nyingi chini ya ugonjwa huo mna jeraha la zamani. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani, pamoja na wenzao, walitangaza uchunguzi wao juu ya watu wazima zaidi ya 9,000. Waliopatwa utotoni na aina 4 au zaidi za mateso, kama kupigwa, kunajisiwa au kumwona mama akipigwa, walikuwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua iliyozidi mara 4 hadi 12 ile ya wenzao wasioteswa. Si kila aliyeteswa huwa mlevi, wala si kila mlevi aliteswa. Ila yatupasa kukumbuka kwamba huenda jeraha lipo.

Basi, katekista, usimtake mgonjwa ajieleze mbele ya jumuiya. Kidonda hakifunuliwi sokoni. Msikilize faraghani, tunza siri yake, usimvizie kwa jambo asilolijua, na umwachie uamuzi. Bwana mwenyewe, aliyeuona upofu wa Bartimayo, alimwuliza kwanza.

Kisha msindikize hospitalini. Tangu Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili hutoa methadoni, dawa itulizayo arosto ya heroini. Naye aliyekunywa pombe nyingi kwa miaka asiilazimishwe kuiacha ghafla pasipo mganga, maana aweza kupatwa na degedege, hata kufa. Sala na dawa havigombani.

Ee Bwana, utujalie kusimama pale umati unapopita. Amina.