Usimwogeshe Kwanza, Mama

Mtoto akirudi nyumbani amechafuka, mama humwogesha. Ndivyo tulivyolelewa sote. Basi binti akija analia, nguo zimechanika, akasema ametendewa unyama, mkono wa mama hukimbilia beseni na maji ya moto. Ni upendo unaomsukuma. Lakini sisi wauguzi tunawasihi, akina mama wapendwa, beseni lingoje. Maji hayo yaweza kuondoa ushahidi ambao mahakama ingeutumia kumtambua mwovu.

Hospitali kwanza

Wengi wetu hudhani kwamba bila karatasi ya polisi mtoto hatahudumiwa. Sivyo. Kenya ilipata Sheria ya Makosa ya Kingono mwaka 2006, kwa mswada uliowasilishwa Bungeni na Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa. Kanuni za matibabu za mwaka 2012, zilizotungwa chini ya sheria hiyo, zinampa aliyetendewa haki ya kutibiwa bure katika hospitali ya umma, awe ameripoti polisi au bado.

Msikawie. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Humezwa kwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Ushahidi ulio mwilini nao hupungua kila saa inayopita. Kwa hiyo asioge, asipige mswaki, asichane nywele wala kukata kucha kabla ya kupimwa.

Na huko hospitalini aelezwe kila hatua, aulizwe kama anakubali. Ameshashurutishwa mara moja, asishurutishwe tena.

Nguo zake

Msizifue wala kuzichoma kwa uchungu. Kila vazi litiwe katika mfuko wake wa karatasi, ule wa kaki. Mfuko wa plastiki hushika unyevu, nguo ikaota ukungu na ushahidi ukaharibika. Kama nguo imelowa, ianikwe kivulini kwanza. Chukueni nguo nyingine za kubadilisha, maana hizo alizovaa huenda zikabaki kwa wachunguzi.

Karatasi na sahihi

Hospitalini hujazwa fomu ya PRC, nakala tatu: moja ya polisi, moja ya aliyetendewa, na moja hubaki hospitalini. Dai nakala yako, mama, uitunze kama cheti cha kuzaliwa. Fomu ya P3 hutolewa na polisi bila malipo, na mtaalamu wa afya huijaza.

Sampuli hupelekwa katika maabara ya Mkemia wa Serikali. Kila anayezipokea hutia sahihi, tarehe na saa. Mnyororo huo ukikatika, wakili wa mshtakiwa atauliza: nguo hii ilikuwa wapi tangu Jumamosi hadi Jumatano? Ndiyo maana haifai kuificha kwa shangazi au kwa jirani. Kifungu cha 36 cha sheria hiyo nacho kinairuhusu mahakama kuamuru mshtakiwa atolewe sampuli, ipimwe vinasaba, yaani DNA.

Mbuzi hafuti kesi

Mara nyingi mtenda ni mtu wa karibu: mjomba, mpangaji, hata mtu anayeheshimiwa kanisani. Wazee huketi, mbuzi huletwa, na mama huambiwa afunike aibu. Lakini kifungu cha 40 hakikuwapa wazee wala familia uwezo wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka. Kiliuweka kwa Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba ya 2010 mashtaka yako chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Tusome tena habari za Tamari, 2 Samweli sura ya 13. Ndugu yake alimwambia anyamaze. Baba yake, mfalme, alikasirika, lakini hatusomi kwamba alimtetea. Tamari akakaa ukiwa. Nyumba zetu zisiwe hivyo.

Na kama amekwisha kuoga?

Mpelekeni hata hivyo. Majeraha huonekana, dawa bado zinahitajika, na nguo huenda zimebaki na alama. Mahakama ya Rufani ya Kenya imekwisha kueleza kwamba ubakaji huweza kuthibitishwa kwa maneno ya aliyetendewa mwenyewe, hata pasipo ushahidi wa daktari. Kwa hiyo mama aliyemwogesha binti yake kwa kutojua asijihukumu, wala asikubali kuambiwa kwamba kesi imekufa.

Akina mama, jambo hili lizungumzwe katika vikundi vyetu kabla halijabisha hodi. Nambari 116 ni ya kusaidia watoto, na 1195 ni ya waliotendewa ukatili. Ziandikeni ukutani jikoni. Na binti akisema, mwaminini kwanza. Maswali mengine yana wakati wake.