Upana na ofseti: milimita zinazoamua gurudumu litakaa wapi

Mnunuzi wa rimu, awe Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, huulizwa maswali mawili: inchi ngapi, nati ngapi? Akijibu "17, nati 5", rimu inaletwa, inajaribiwa kwenye habu, nati zinaingia na fedha zinalipwa. Maswali hayo ni ya lazima, lakini hayasemi lolote kuhusu mahali gurudumu litakapokaa chini ya gari. Linaweza kuingia ndani hadi likakaribia shokapu, au kutoka nje hadi likwaruze madigadi kila abiria wanapojaa. Hilo huamuliwa na namba nyingine mbili, upana na ofseti, na kosa kubwa ninaloliona ni kuisoma moja bila nyingine.

Tuchukue Toyota Allion ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa 2001, gari ambalo pamoja na Premio limejaa Dar es Salaam na Nairobi. Rimu yake ya kiwandani, ile inayovaa tairi la 195/65R15, ni 15x6J ET45, nati 5 kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati lina milimita 54.1.

Namba 15 ni kipenyo, kwa inchi. Namba 6 ni upana, nao pia ni kwa inchi, ila hupimwa pale tairi linapokaa, ndani ya midomo ya rimu. Ukiweka futi kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje utapata karibu inchi 7, na ugomvi mwingi dukani huanzia hapo. Herufi J inaeleza umbo la mdomo. ET45 ndiyo ofseti: ukiigawa rimu katikati ya upana wake, uso unaogusana na habu uko milimita 45 upande wa nje wa mstari huo. Kadiri ET inavyokuwa kubwa, ndivyo gurudumu linavyoingia ndani ya gari. ET ikipungua, gurudumu linatoka nje. Ikifika sifuri, uso wa kufungia uko katikati kabisa. Ikishuka chini ya sifuri, rimu inakuwa na lile shimo kubwa la nje linaloonekana kwenye baadhi ya magari ya porini.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua tofauti ya upana, igawe kwa mbili, geuza iwe milimita kwa kuzidisha kwa 25.4. Hicho ndicho kiasi ambacho kila ukingo wa rimu unasogea, wa ndani kwa ndani na wa nje kwa nje. Kisha weka tofauti ya ET: ikiwa ET imepungua, iongeze upande wa nje na uitoe upande wa ndani, ikiwa imepanda, fanya kinyume.

Sasa tuseme mwenye Allion ameonyeshwa rimu mbili, zote 17x7.5J, zote za nati 5 kwa 100. Moja ni ET35. Nyingine imetoka kwenye Subaru na ni ET53. Kwa macho ni pacha. Tofauti ya upana kutoka inchi 6 ni inchi 1.5, nusu yake ni milimita 19. Rimu ya ET35 itatoka nje milimita 19 na 10 nyingine, jumla 29, huku ukingo wake wa ndani ukisogea milimita 9 tu. Ya ET53 itatoka nje milimita 11, lakini itaingia ndani milimita 27. Ya kwanza inatishia madigadi, ya pili inatishia shokapu, na swali la "inchi ngapi" lisingeweza kuzitenganisha.

Hapo wengi huishia. Lakini kinachokwaruza kwa kawaida ni tumbo la tairi, wala si mdomo wa rimu. Tairi la 195/65R15 likiwa kwenye rimu ya inchi 6 lina upana halisi wa milimita 201 hivi. La 215/45R17 likiwa kwenye rimu ya 7.5 lina takriban 218. Tofauti ni 17, yaani milimita 8.5 kila upande, chini ya nusu ya zile 19 za rimu. Sababu ni kwamba tairi la zamani lilikuwa limevimba kupita rimu yake nyembamba, na jipya limenyooka. Kwa hiyo mpira wenyewe, kwenye ET35, unatoka nje milimita 18.5 na upande wa ndani unarudi nyuma milimita 1.5. Kwenye ET53 unatoka nje nusu milimita tu, lakini unaingia ndani 16.5. Hizi ndizo namba za kupeleka kwenye gari: pima kwa rula nafasi iliyopo leo kati ya tairi na shokapu, kisha toa. Binafsi nisingekubali kubakiwa na chini ya milimita 5.

Beringi nayo ina hesabu yake, na hiyo haijali upana. Inaangalia mstari wa katikati wa rimu, yaani ET peke yake. Gari la takriban kilo 1,200, tukigawa uzito sawasawa, huweka kilo 300 kwa kila gurudumu. Kutoka ET45 hadi ET35, mzigo huo umehamia milimita 10 mbali zaidi na gari: nguvu ya ziada ya kupinda ni kilo 3 kwa mita 1. Kona kali huipa beringi mzigo mkubwa kuliko huo mara nyingi, kwa hiyo milimita 10 si maafa. Ila aliyeshuka hadi ET10 amehamisha milimita 35, kilo 10.5 kwa mita, na hiyo haiondoki hata gari likienda moja kwa moja. Shimo likipigwa, huzidishwa mara kadhaa. Usukani pia unabadilika, kwa sababu eneo linaloshika lami limesogea kutoka pale mhandisi alipolipanga: breki zikikamata upande mmoja zaidi ya mwingine, mikono inavutwa.

Gharama nyingine imejificha kwenye ubavu wa tairi. Ubavu wa 195/65 una kimo cha milimita 127. Ule wa 215/45 una 97. Milimita 30 za mto zimeondoka kati ya shimo na rimu, na hizo ndizo huamua kama utarudi nyumbani na rimu iliyopinda. Kipenyo chote hakibadiliki sana, kutoka milimita 634 hadi 625, hivyo kipimamwendo kikisema 100 unakwenda 98.5 hivi. Cha kutazama zaidi ni namba ya mzigo. Tairi la awali lina 91, maana yake kilo 615. La 215/45R17 la kawaida lina 87, kilo 545. Kilo 70 zimepotea kwa kila tairi, na anayebeba familia na mizigo hadi mkoani anahitaji lile lililoandikwa 91 XL.

Wauzaji watasema ET53 itatibiwa kwa spesa. Kihesabu ni kweli: spesa ya milimita 10 inaigeuza kuwa kama ET43. Lakini milimita hizo 10 zinakatwa kwenye urefu wa stadi. Nati ya Toyota hii ni M12 yenye hatua ya milimita 1.5, na kanuni ya kawaida ni uzi ushike angalau urefu sawa na unene wa stadi, milimita 12, yaani mizunguko 8 kamili. Hesabu mizunguko wakati nati inaingia kwa mkono. Ikiwa haifiki 8, spesa hiyo inahitaji stadi ndefu.

Tundu la katikati halina mjadala. Rimu ya Subaru ina 56.1, habu ya Toyota ina 54.1, inaingia, lakini inahitaji pete ya kujaza milimita 2 ili gurudumu likae katikati barabara. Kinyume chake, rimu ya Toyota haiingii kabisa kwenye habu ya Subaru.

Kama rimu haina alama, ilaze uso chini na uweke ubao ulionyooka juu ya mgongo wake. Pima kutoka kwenye ubao hadi uso wa kufungia, tuseme 139. Pima upana wote wa nje, tuseme 203, nusu yake ni 101.5. Toa: ET ni kama 37.5.

Kwa Allion hii ningechagua 16x6.5J ET45 na tairi 205/55R16. Rimu inasogea milimita 6 kila upande, kipenyo kinabaki ndani ya nusu asilimia, ubavu unapungua milimita 14 tu, na namba ya mzigo kwa kawaida inabaki 91.

Chochote utakachochagua, funga gurudumu moja la mbele na moja la nyuma kabla ya kulipa. Pakia watu wanne, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, vuka tuta polepole, kisha shuka utazame mpira kwa tochi, ndani na nje. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo, Nm 103, na zirudiwe baada ya kilomita 100 za kwanza.