Windows, Linux na mashine yenye kadi nne

Aprili 1999 kampuni ya Mindcraft ya Marekani ilitoa ripoti iliyowachoma wapenzi wa Linux. Kwenye seva ya Dell yenye prosesa 4, Windows NT 4.0 ilitoa kurasa za wavuti kwa kasi mara 3.7 ya Linux iliyoendesha programu ya Apache. Aliyegharimia jaribio? Microsoft.

Wakosoaji walikuja juu, na walikuwa na hoja: Windows ilitayarishwa kikamilifu, Linux nusunusu. Matayarisho si jambo dogo. Kasi ya seva hutokana na maunzi, draiva ya kadi ya mtandao, mfumo endeshi, programu ya kutoa kurasa, na mipangilio ya kila kimoja. Ongeza idadi ya michakato ambayo Apache inaruhusiwa kuanzisha, na matokeo yatabadilika hata kama mfumo endeshi haujaguswa. Kwa hiyo zilizoshindanishwa hazikuwa Windows na Linux peke yake, na vichwa vya habari havikulisema hilo.

Jaribio likarudiwa Juni, safari hii wataalamu wa Linux wakiwepo. Pengo lilipungua, lakini Windows ikaongoza tena. Hapa ndipo kisa kinaponoga. Mashine ilikuwa na kadi 4 za mtandao, kila moja ya megabiti 100 kwa sekunde, na Linux 2.2 ililinda kazi kubwa ya mtandao kwa kufuli moja. Prosesa moja ikiwa ndani, nyingine 3 zinangoja, kama ndoo kwenye bomba moja la mtaa. Kumbe mpimaji aliyelipwa na upande mmoja alikuwa amegusa kidonda cha kweli.

Ila kidonda hicho kiliwauma wangapi? Laini ya T1, waliyoikodi wafanyabiashara wengi wa Marekani, ilipitisha megabiti 1.5 hivi kwa sekunde. Jaribio lilikuwa na njia za megabiti 400. Tena kurasa zilikuwa tuli, faili zinazosomwa na kutumwa tu. Jarida la c't la Ujerumani lilipopima kwa kadi moja, na kwa kurasa zinazoundwa papo hapo, Linux ilisimama imara mbele ya NT. Mimi nikiletewa jedwali la namna hii, huanza kuuliza ni kurasa gani zilizoombwa, kisha ni muda gani waliongoja wale waliohudumiwa mwisho, kwa maana wastani huwaficha.

Watengenezaji wa Linux, pamoja na hasira zao, walikwenda kulivunja lile kufuli. Toleo la 2.4, la Januari 2001, lilitoka na njia ya mtandao inayogawanya kazi kwa prosesa zote. Kabla ya hapo, mwaka 2000, programu ya Red Hat ya TUX ilipimwa kwa kipimo cha SPECweb99 na kuiacha Windows 2000 mbali. TUX ilifanya kazi ndani ya kiini chenyewe cha Linux. Hata hivyo, wenye tovuti wengi waliendelea kutumia Apache.