Kula, Kimeshalipiwa!

Msomaji, ikiwa wewe ni mkazi wa Kisumu, bila shaka umewahi kumsindikiza mtu wenu uwanja wa ndege. Jamaa wote huvaa nguo za Jumapili, kijana anayekwenda ng'ambo kusoma huombewa dua, na hakosi shangazi wa kumpenyezea furushi. Mimi nilipewa mayai matano ya kuchemsha, njugu karanga na kipande cha ngege wa kukaangwa, vyote ndani ya gazeti.

"Mwanangu," shangazi akaninong'oneza, "huko juu usiguse kitu. Kikombe cha chai tu ni bei ya mbuzi."

Nikamtii. Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kama dakika 45, kwa hivyo sikuona tabu. Tabu ilianza usiku, ndani ya ndege kubwa ya kwenda Ulaya. Kigari cha chakula kilipofika kwangu nilisema, "Asante, nimeshiba." Jirani yangu akala wali kwa mchuzi wa kuku uliokuwa ukifuka mvuke, saladi, mkate, jibini na keki. Mimi nikameza mate. Mhudumu alipopita kukusanya trei aliinama akaniambia kwa sauti ya chini kwamba chakula kimo ndani ya bei ya tiketi. Akaniletea changu bila kunifanya kichekesho mbele ya watu. Nami nilikuwa nimeketi safu ya mwisho kabisa, karibu na choo!

Hebu jiulize, ni wangapi wetu wanaosafiri na njaa kwa kuogopa kuuliza?

Zamani swali hilo lisingekuwapo. Katika miaka ya 1930, ndege za kutua majini za shirika la Imperial Airways zilishuka papa hapa ziwani Kisumu, zikiwa njiani kati ya Uingereza na kusini mwa Afrika. Abiria walikuwa wachache na wenye fedha zao. Daraja la ikonomi lilikuja baadaye, mwaka 1958, katika safari za kuvuka bahari ya Atlantiki. Mashirika yalikuwa yamekubaliana kwamba abiria wa nauli hiyo wapewe sandwichi za kawaida tu. SAS ya Skandinavia ikarundika nyama na vikorombwezo juu ya mkate, na Pan American ya Marekani ikalalamika kwamba hiyo si sandwichi tena bali ni mlo kamili. Naam, watu wazima waligombana juu ya mkate!

Kuhusu ladha, usiwalaumu wapishi haraka. Chakula hupikwa ardhini, hupozwa, kisha hupashwa moto angani. Hewa ndani ya ndege huwa nyepesi kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, ilhali Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi. Hewa hiyo ni kavu, na pamoja na ngurumo za injini hufanya ulimi usionje vizuri chumvi wala sukari. Ndiyo sababu viungo hukolezwa. Ukiambiwa uchague, chukua chenye mchuzi. Nyama kavu ikipashwa mara ya pili huwa kama soli ya kiatu.

Mwenye kisukari, asiyekula nyama, anayetaka halali au mwenye mtoto mdogo aseme mapema, angalau saa 24 kabla ya safari. Mara nyingi trei yake ndiyo hutangulia. Maji omba wakati wowote.

Lakini uliza unaponunua tiketi. Mashirika ya nauli nafuu, kama Jambojet iliyoanza safari mwaka 2014, vitafunio huviuza. Hapo shangazi ana haki yake.

Yeye mwenyewe alipanda ndege miaka kadhaa baadaye, kwenda kumwona binti yake aliyejifungua Uingereza. Alikula kila kilicholetwa na akaomba mkate wa pili, akapewa. Aliporudi Kondele aliwaita majirani akawaonyesha kipakiti cha chumvi, kijiko cha plastiki na siagi iliyokuwa imeyeyuka mkobani. Siagi waliipaka kwenye mkate siku hiyo hiyo. Chumvi hataki iguswe.