Je, Wajua? Mvumo wa Pedali Hutaja Chanzo Chake

Je, wajua kwamba mvumo unaosumbua katika pedali ya gitaa iliyoundwa nyumbani, yaani kisanduku kinachokanyagwa ili kubadili sauti ya gitaa la umeme, huweza kufichua ulikotoka? Umeme wa gridi nchini Tanzania hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde. Mvumo wa mizunguko 50 aghalabu huingia kupitia waya usiokingwa au ethi (waya wa kurudishia umeme) iliyoachia, ilhali ule wa 100, unaokaribia noti ya G yenye mizunguko 98 katika uzi mnene wa gitaa, hutokana na adapta isiyochuja umeme vizuri. Kwa hiyo fundi aliyeko Mugoma, wilayani Ngara, anaweza kuanza kwa kuchomoa adapta na kuweka betri ya volti 9: mvumo ukikoma, huongezwa kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji na kusawazisha umeme; mvumo ukiendelea, hukaguliwa lehemu ya ethi, kisha saketi hufungwa ndani ya kopo la chuma lililounganishwa na ethi hiyo. Panapotumika umeme wa jua, mlio mwembamba kama wa mbu huweza kutoka kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme huo uwe kama wa gridi.