Ziwa Naivasha: Kufunga Uvuvi Peke Yake Hakutoshi

Mwezi Februari mwaka 2001 Serikali ya Kenya ilichukua hatua ambayo si rahisi kwa serikali yo yote kuichukua. Iliwaamuru wavuvi wa Ziwa Naivasha waanike nyavu zao na kuziacha mashua ufukoni kwa muda wa mwaka mmoja. Ukame ulikuwa umeyapunguza maji, samaki waliokuwa wakivuliwa walikuwa wachache na wadogo, na nyavu zisizo halali zilikuwa zimezagaa kila upande. Miezi kumi na miwili ni muda mrefu kwa mtu asiye na shamba wala mshahara, ambaye karo ya watoto wake imo majini.

Wakati Tanzania ilipoifunga sehemu yake ya Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti mwaka 2024, wavuvi wa Kigoma na Rukwa waliuliza maswali yale yale ambayo wenzao wa Naivasha walikuwa wameyauliza zamani. Kwa sababu hiyo yaliyotokea katika ziwa hilo dogo la jirani yanastahili kuangaliwa kwa makini.

Naivasha ni ziwa la maji baridi lililoko katika Bonde la Ufa, kaskazini-magharibi ya Nairobi, kiasi cha mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Hupata maji yake hasa kutoka mto Malewa, na halina mto unaotoka ndani yake. Eneo lake hupanuka na kusinyaa kufuatana na mvua, likawa mara kilomita za mraba 100 na ushei, mara zaidi ya 150. Ukilinganisha na Ziwa Victoria, hilo ni dimbwi tu. Lakini katika ziwa dogo kila kosa huonekana upesi.

Jambo la kushangaza ni kwamba karibu samaki wote wanaovuliwa humo ni wageni. Samaki wa asili aliyejulikana alikuwa mmoja tu, tena mdogo asiyefaa kwa biashara, na mara ya mwisho alionekana mwaka 1962. Perege wa kwanza walipandikizwa mwaka 1925. Mwaka 1929 wakoloni walimleta kutoka Marekani samaki mla-samaki aitwaye besi, wapate kujifurahisha kwa ndoana siku za mapumziko. Katika miaka ya 1950 wakaingia perege wa aina nyingine mbili, mmoja wao bila ya mtu kukusudia. Uvuvi wa biashara kwa nyavu za makila uliruhusiwa mwaka 1959. Mnamo mwaka 1970 akaongezwa kamba wa maji baridi, naye pia wa asili ya Marekani, ambaye baadaye alikuja kuyafyeka mayungiyungi na mimea mingine ya majini. Wakati huo huo wavuvi walikuwa wakipata zaidi ya tani 1,000 za samaki kwa mwaka. Miaka michache baadaye uvuvi huo ulikuwa umeporomoka.

Ili kufahamu sababu ya kuporomoka, yafaa kukumbuka jinsi perege anavyozaa. Yuko perege ambaye jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni mwake, na yuko yule ambaye dume na jike hulinda mayai kwenye sakafu ya ziwa. Wote wawili huhitaji maji ya kina kifupi, tulivu, yenye mimea ya kujificha, yaani ukingo wa ziwa penye mafunjo. Maji yanapopungua, ukingo huo ndio unaokauka kwanza. Mvuvi mwenye wavu wa macho madogo, au mwenye kukokota kokoro, naye huenda papo hapo kwa kuwa hapahitaji mashua kubwa. Basi samaki hupoteza nyumba na watoto kwa wakati mmoja. Ndiyo maana sheria ya Naivasha iliweka kipimo cha macho ya wavu, na ikaweka ukomo wa mashua zinazopewa leseni.

Je, kufungwa kwa mwaka 2001 kulifanikiwa? Jibu la haki ni ndiyo, lakini si kwa namna iliyotarajiwa. Ziwa lilifunguliwa mwaka 2002, mashua zikiwa zimepunguzwa. Hata hivyo samaki aliyekuja kuwaokoa wavuvi hakuwa perege. Alikuwa kapi, samaki mnene mwenye miiba mingi, ambaye inaaminika alitoroka katika mabwawa ya kufugia samaki huko juu kwenye bonde la Malewa, akachukuliwa na maji ya mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya 1990. Jike mmoja wa kapi hutaga mayai mamia ya maelfu. Hapendezwi na maji safi: huchimbua tope akitafuta wadudu na kamba, akiyachafua maji na kung'oa mimea. Kufikia mwaka 2010 zaidi ya sehemu tisa katika kumi za samaki wote waliovuliwa Naivasha walikuwa kapi. Mwaka 2011 serikali ikapandikiza vifaranga vya sato, yaani perege wa Mto Nile.

Hapa ndipo penye mzizi wa mambo. Mvuvi ni rahisi kumsimamisha. Ana mashua yenye namba, ana leseni, na bwana samaki anaijua sura yake. Lakini ziwa halitumiwi na mvuvi peke yake. Tangu miaka ya 1980 mashamba makubwa ya maua yamelizunguka na kuvuta maji yake. Mji wa Nakuru hupata maji kutoka bonde hilo hilo. Mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini ya Olkaria nayo huyahitaji. Maelfu ya watu wamehamia kutafuta kazi, na uchafu wa makazi yao huishia majini. Mwezi Februari mwaka 2010 samaki wengi walipokufa kwa ghafula, wavuvi waliyashutumu mashamba kwa dawa zao, huku wataalamu wakitaja upungufu wa hewa katika maji baada ya ukame kufuatwa na mvua. Vyo vyote iwavyo, waliokosa riziki siku hizo walikuwa wavuvi.

Liko pia suala la njia. Maji ya Naivasha ni mali ya umma, lakini sehemu kubwa ya ardhi inayoyazunguka ni ya watu binafsi na makampuni. Mialo ambayo mwananchi anaweza kuiendea bila kuomba ruhusa ya mtu, kama ule wa Kamere, ni ya kuhesabika. Kijana asiye na leseni wala nafasi katika mwalo huingia majini kwa miguu, usiku, wavu begani. Hao wavuvi wa miguu ndio wanaolaumiwa zaidi kwa kuharibu mazalio, na lawama hizo zina ukweli. Lakini ndio pia wanaouawa na viboko, na hapana mtu anayeingia kwa hiari gizani katika maji ya viboko ikiwa ana kazi nyingine ya kufanya.

Kenya imejaribu kuwashirikisha wavuvi wenyewe kwa kuunda vikundi vya kusimamia mialo, vyenye kazi ya kuwaandikisha wanachama na kuwazuia wavunja sheria, na kumekuwa na msimu wa kufunga uvuvi. Tatizo ni kwamba kikundi cha mwalo kinaweza kumkamata mwenye kokoro, lakini hakina uwezo wo wote juu ya pampu ya shamba wala mfereji wa maji machafu ya mji.

Siku hizi shida imegeuka sura. Katika miaka iliyofuata 2010 maji yalianza kupanda, na mwaka 2020 yakazifurika nyumba za mtaa wa Kihoto, watu wakahama. Maji mengi yanaweza kumpa perege mazalio mapya katika nyasi zilizofunikwa. Lakini ziwa linapojaa hufika kwenye ua wa jirani, na mvuvi hulazimika kutafuta upya mahali pa kuegesha mashua yake.