Raba zilizotundikwa ukutani Kwamsisi

Hivi umewahi kujiuliza, mchezaji wa kike akishaolewa, zile raba zake huwa zinaenda wapi? Mimi sikuwahi. Mpaka nilipokwenda Kwamsisi, Handeni, kumsalimia shangazi yangu, nikazikuta zimetundikwa kwenye msumari, ukutani kwa jirani yake, zimekauka kama samaki wa kubanika.

Mwenye raba ni mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka thelathini na kitu, mtoto wa pili bado ananyonya. Ameniomba nisimtaje jina kwa sababu mengine tuliyozungumza ni ya chumbani. Enzi zake alikuwa mpigaji wa mpira wa wavu, wa kupaa kweli kweli, akafika hadi UMISSETA. Halafu akapata mchumba. Mchumba alikuwa na sharti moja tu, tena alilisema kwa upole: eti mke wake hawezi kurukaruka na kaptura mbele za watu.

"Ukakubali?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nampenda, dada. Na goti lilikuwa limeanza kuuma. Nikajidanganya kwamba naacha kwa sababu ya goti."

Hapo shosti nilinyamaza kidogo. Wangapi tuna "goti" la namna hiyo?

Jioni nikamfuata uwanjani. Uwanja ni jina tu: nguzo mbili za miti, wavu uliofumwa kwa kamba za katani, mpira mmoja, wasichana kumi na wawili. Kisheria wavu wa wanawake huwekwa mita 2.24 kutoka chini. Yeye hupima kwa fimbo aliyoitia alama kwa kisu, maana anasema watoto wakizoea wavu mfupi, wakifika wilayani wanaumbuka. Alikuwa amevaa traksuti, juu yake kajifunga khanga, filimbi shingoni.

Kilichonishangaza ni kwamba hakuanza na kupiga. Muda mwingi alikuwa na msichana mmoja mwembamba, anamfundisha kuinua mpira tu, kwa ncha za vidole, juu, tena juu. Timu inaruhusiwa kuugusa mpira mara tatu kabla haujavuka: unapokelewa, unainuliwa, unapigwa. Huyo wa katikati ndiye seta. "Kila mtoto anataka kupiga kwa sababu mpigaji ndiye anayeshangiliwa," aliniambia. "Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Lakini pasi ya pili ikiwa mbovu, mpigaji hana kazi."

Nikamkumbuka Janet Wanja. Kwa msomaji asiyefuatilia mchezo huu, Wanja alikuwa seta wa Kenya Pipeline na wa timu ya taifa ya Kenya, Malkia Strikers. Kenya iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Sydney mwaka 2000, na 2004 ikarudi tena, Athens, Wanja akiwemo. Baada ya hapo ukapita ukame mrefu, mpaka Januari 2020 walipofuzu kule Yaoundé kwa ajili ya Tokyo. Wanja alipovua jezi hakuondoka zake. Akawa mwalimu wa viungo wa timu hiyohiyo. Aliyekuwa akiwainulia wenzake mpira, sasa akawa anawajengea wadogo zake magoti na mabega. Desemba 2024 saratani ya mfuko wa nyongo ilimchukua, akiwa na miaka 40 tu.

Wapo na wengine waliotoka kwenye jezi wakashika filimbi. Japheth Munala, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya wanaume ya Kenya, aliwapa Malkia ubingwa wa Afrika mwaka 2023 na akaenda nao Olimpiki ya Paris 2024. Paul Bitok naye alikuwa mchezaji wa taifa, akafundisha miaka mingi Rwanda kabla ya kurudi kwao na kuifikisha Kenya Tokyo. (Usimchanganye na yule mkimbiaji mwenye jina hilohilo, wa medali za fedha za mita 5,000 mwaka 1992 na 1996!) Ni makocha wazuri, sina ugomvi nao. Ila wote wawili ni wanaume, na wanaoruka ni wanawake. Wanawake waliocheza kabla yao wako wapi? Mimi jibu moja nililikuta kwenye msumari.

Tofauti moja kubwa ya Kenya ni ajira. Pipeline, benki ya KCB, Magereza: timu ni ya mwajiri, na mchezaji wake anaweza kuwa na kazi na mshahara. Hoja hiyo ndiyo mwalimu wangu aliibeba hadi nyumbani kwa yule msichana mwembamba, maana mama mtu alishasema mazoezi basi, maji hayajiteki yenyewe.

"Mwalimu, mpira unaleta unga?" mama akauliza, bila hasira.

"Kwa wenzetu unaleta, mama. Hapa sijui. Lakini mikono ya huyu mtoto sijaiona kwa mwingine."

Walikubaliana siku mbili kwa wiki, na maji yatekwe kwanza.

Na mume je? Nilijua utauliza. Mwalimu anasimulia kwamba usiku mmoja, watoto wamelala, mume alimkuta nyuma ya nyumba anaugonga mpira ukutani, analia. Hakusema kitu, akarudi ndani. Siku ya tatu akaenda porini na panga, akarudi na nguzo mbili. Ndizo hizo zilizosimama uwanjani. Lakini mpaka leo hajakanyaga pale kuangalia, na kaptura bado ni mwiko. Traksuti na khanga ndiyo mapatano yao.

"Inakutosha?" nikamuuliza.

Akacheka. "Nimeanza kumwambia raba zimechakaa. Hajakataa."

Asubuhi nikapanda bodaboda kuondoka. Njiani tukampita yule msichana anatoka kisimani, ndoo kichwani, haijashikwa. Mikono yote miwili alikuwa ameinyanyua mbele ya uso, vidole vimetanuka, anaisukuma hewa juu.